Kwanini barabara za halmashauri za zamani zilidumu na hizi zetu zinakufa baada ya mvua mbili? Wazee wa ujenzi mje

#1 Kiboko ya Vumbi
Wakuu salaam. Mi injinia kijana, niko serikalini upande wa barabara za wilaya huku Ruvuma na kuna swali linanisumbua kila nikitoka saiti. Wananchi wote, kuanzia mwenyekiti wa kijiji mpaka bibi anayeuza ndizi pembeni ya njia, wananiambia kitu kimoja tu, enzi za injinia wa zamani ilikuwa inapitika mwaka mzima, nyie na kompyuta zenu mnamwaga kifusi leo mvua ikija hakuna kitu. Mwanzo nilichukulia ni kawaida ya watu kusifia zamani, ila kuna kipande kimoja upande wa Mbinga kimechongwa kabla sijazaliwa, hakina lami wala zege, na gari ndogo inapita hata mwezi wa pili. Kinachofuata hapo hapo tumekitengeneza juzi kwa hela ya maana, kimeshakatika. Udongo naona ni ule ule.
Sasa nyie mliotumikia ujenzi na halmashauri mpaka mkastaafu, mlikuwa mnafanya nini ambacho sisi hatufanyi? Siasa za vyama pelekeni jukwaa lingine, mi nataka kujifunza.

#2 Chai Rangi
Nimevuta kiti.

#3 Dereva wa Tandamu
Jibu fupi, upigaji. Mi nabeba kifusi, najua. Mkataba unasema sentimita 15 baada ya kushindiliwa, inamwagwa nusu yake, greda linapita mara moja, picha inapigwa watu wanasaini. Boza la maji halionekani kabisa. Barabara imeshindiliwa na matairi yetu, unategemea nini.

#4 Mstaafu wa Kalvati
Kijana swali lako zuri, nitajibu kirefu maana hii ndo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Mimi nilimaliza Kitivo cha Uhandisi pale Mlimani mwanzoni mwa miaka ya 80, kile kitivo kilianza 1973, kabla ya hapo vijana wetu walikuwa wanaenda Nairobi na kwingine. Nikaingia halmashauri zilipoanza upya 1984. Kwa ambao hamkuwepo, 1972 serikali za mitaa zilifutwa ikaja madaraka mikoani, miji ikarudishiwa mamlaka yake 1978, sheria za serikali za mitaa zikapita 1982 na halmashauri za wilaya zikaanza kazi 1984. Tulichokuta ni stoo tupu na greda limekaa juu ya matofali halina matairi. Injinia wa wilaya wakati ule ndo alikuwa kila kitu, barabara, visima, madarasa, zahanati, nyumba ya mganga, machinjio, soko, hata jeneza la ofisi likihitajika fundi seremala alikuwa chini yangu.

Sasa siri ya zile barabara. Hatukuwa na akili kuwazidi. Tulikuwa na watu wa vipande. Kila kipande cha barabara kina mtu wake anaishi hapo hapo kijijini, ana jembe, sepeto, panga na toroli, kazi yake kuzibua mtaro, kufukua kalvati (lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara), kufyeka majani na kujaza shimo likiwa bado dogo. Mvua ikinyesha usiku asubuhi yuko barabarani na hasubiri mtu wa wilayani. Barabara ya changarawe ni kama paa la makuti, husubiri livuje kila mahali ndo ukate makuti mapya. Nyie mnajenga halafu mnaondoka, mnarudi ikiwa imekufa, mnaijenga upya mnaita matengenezo.

Na mgongo. Barabara ya upana wa mita 6 katikati lazima pawe juu ya pembeni kwa sentimita kama 15 ili maji yashuke haraka. Nenda kapime zako. Nyingi zimekaa bapa, zingine katikati ndo chini, hiyo sio barabara ni mfereji.

#5 Chai Rangi
Hapo kwenye jeneza mzee 😂😂

#6 Leveli Dampi
Shikamoo mzee wa kalvati. Mi fundi sanifu upande wa upimaji, nakubali la mtaro na mgongo mia kwa mia, ila la watu wa vipande tusilisifie likapita bila kuliangalia. Mwanzoni mwa miaka ya 90 barabara za nchi hii zilikuwa hoi, ndo maana ukaja ule mpango mkubwa wa barabara wa wafadhili, halafu 1998 ikaja sheria ya Mfuko wa Barabara na mwaka 2000 TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Mfumo wa zamani ungekuwa unafanya kazi vizuri hivyo yote hayo yangehitajika ya nini?

#7 Mstaafu wa Kalvati
Marahaba binti. Swali halali. Mfumo ulikufa kwa sababu mshahara wa wale watu ulikatika. Mtu wa kipande hawezi kufanya kazi miezi minne bila posho, anarudi shambani kwake. Mfumo haukuwa mbaya, ulinyimwa chakula.

#8 Nyundo Kilo Nane
Wote mnaongea ukweli nusu. Mimi ni mtu wa maabara, naomba niwape upande wangu.

Kwanza, OP (mwenye mada) mnaangalia barabara zilizobaki. Zile za 1985 zilizosombwa hamzioni kwa sababu hazipo, zimeota msitu. Ukichukua kipande kimoja kilichonusurika ukakilinganisha na vyote vya leo, cha zamani lazima kishinde.

Pili, magari. Enzi za mzee kijijini ilikuwa inaingia Bedford ya tani 7 wakati wa kahawa basi. Leo zinaingia tandamu, malori ya ekseli mbili nyuma, za mawe, mbao, makaa ya mawe na hakuna mzani kijijini. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inasema gari zima lisizidi tani 56 lakini mizani iko barabara kuu. Na ekseli ya tani 10 ukiifanya 12 uharibifu hauongezeki kwa hiyo moja ya tano ya ziada tu, unafika mara mbili, maana unapanda kwa kipeo cha nne hivi. Hii ilipimwa Marekani kule Illinois kati ya 1958 na 1960, malori yalizungushwa kwenye barabara za majaribio mpaka zikavunjika. Kwahiyo Dereva wa Tandamu kabla hujamtaja mpigaji jitazame na wewe mzigo wako 😀

Tatu, kifusi chenyewe. Machimbo mazuri yaliisha. Wazee walichimba moramu (changarawe ya asili) nzuri iliyokuwa karibu, sisi tunachimba iliyobaki. OP jina langu hapa limetokana na ile nyundo ya kilo 8 inayodondoka kutoka milimita 575, unahesabu inazama kiasi gani kwa pigo. Beba hicho kifaa pima vipande vyote viwili ndo urudi hapa.

#9 Dereva wa Tandamu
Nyundo mi napakia ninachopakiwa, tajiri ndo anajua. Ukikataa tani tatu za juu kesho gari anapewa mwingine.

#10 Diwani Mstaafu
Naomba nafasi. Nilikaa baraza la madiwani vipindi viwili. Mnaongea kiufundi sana mnasahau hela inagawanywaje. Bajeti ikija ndogo, kata 20, kila diwani anataka cha kwake. Injinia analeta mpango wa kumaliza barabara moja ya kilomita 18 vizuri, baraza linakataa, tunagawana kilomita moja moja kila kata. Mwisho wa mwaka hakuna barabara hata moja inayofika popote, kila moja ina kipande kizuri katikati ya mabovu, na maji ya kipande kibovu yanakuja kuua kizuri. Ila msitulaumu tu, mwananchi akikwama na mgonjwa usiku anampigia diwani, hampigii injinia.

#11 Leveli Dampi
Ndo maana barabara zikaondolewa halmashauri zikapelekwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2019, kupunguza hayo.

#12 Kiboko ya Vumbi
Dada Leveli ni 2017. TARURA ilizinduliwa Julai 2017. Ya 2019 ni RUWASA, maji vijijini.

#13 Leveli Dampi
Asante, nimechanganya na RUWASA. 2017.

#14 Mstaafu wa Kalvati
Na 2017 ndo mwaka niliostaafu mimi. Diwani anachosema nimekiishi. Lakini kuna kitu kilipotea hapo na lazima nikiseme. Injinia wa halmashauri alikuwa anaingia kikao cha maendeleo cha kata, anajua shule inajengwa wapi, maji yanapita wapi, soko linahamia wapi. Leo mmoja anachimba mtaro wa bomba katikati ya barabara ya mwenzake aliyoshindilia mwezi uliopita, kila mtu ana ofisi yake na bosi wake. Injinia wa halmashauri akabakiziwa majengo.

#15 Fundi Jamii
Na majengo yenyewe mzee hayana watu. Yale madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO mwaka 2021, darasa moja milioni 20, nilijenga mawili. Mafundi tulikuwa wa hapo hapo, kamati ya shule inanunua saruji, injinia ni mmoja wilaya nzima na saiti zimetawanyika kila kata, zote zinataka kumwaga linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) wiki moja. Alikuja msingi, akaja tena tumeshapaua. Tulijenga vizuri kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa anakaa pale anahesabu toroli za mchanga kwa mfuko. Mi nasema tatizo kubwa ni jicho. Kazi isiyo na jicho inaharibika, iwe darasa iwe kalvati.

#16 Mama Tete
Hodi humu. Mimi sio mtaalamu. Niko kikundi cha wanawake huku Lushoto tunafanya usafi wa barabara kwa mkataba, kufyeka, kuzibua mitaro, kuondoa maporomoko madogo. Huyo mtu wa vipande mzee anayemwongelea ndo sisi sasa. Miaka tuliyopewa kazi mapema barabara ilipita vuli na masika bila shida. Mwaka mmoja mkataba ulichelewa tukaitwa mvua imeshaanza, mitaro imejaa udongo mpaka juu, maji yalishahamia barabarani yamechimba korongo mtu anasimama ndani. Ile kazi ya majembe ikawa ya eksavata. Hela ya kutulipa sisi misimu mingi ilienda siku chache za mashine. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu tuliwaambia.

#17 Mstaafu wa Kalvati
Mama Tete Mungu akubariki. Someni hiyo posti mara mbili.

#18 Voi Junction
Sasa wenzangu wa TZ, niko Kenya nimefanya kazi za barabara za mashinani. Hayo mambo ya jembe na toroli sisi tulianza kwa nguvu 1974, mradi wa barabara za vijijini uliojengwa kwa mikono badala ya matinga, na ukaisha kujenga mtu wa hapo karibu anapewa kipande akitunze, analipwa siku chache kwa wiki. Zilidumu kweli. Ikaja sheria ya 2007 ikagawanya KeNHA ya barabara kuu, KURA ya mijini na KeRRA ya vijijini, alafu 2013 kaunti zikaingia, sasa hivi bado wanavutana nani ashike pesa za ushuru wa mafuta. Barabara moja inaweza kukaa bila mwenyewe juu kila mtu anasema ni ya mwingine. Kwa hivyo mimi naona shida ni mwenyewe wa barabara ni nani. Injinia wa zamani alijulikana kwa jina.

#19 Nyundo Kilo Nane
Hilo la jina nalikubali kidogo. Ila tuongee hela. Kwa muda mrefu Mfuko wa Barabara ulikuwa unapeleka nusu kwa nusu, TANROADS na za mitaa, na bado za mitaa zikafa.

#20 Kiboko ya Vumbi
Hapana mkuu haikuwa nusu kwa nusu. Za mitaa zilikuwa zinapata asilimia 30, na mtandao wetu ndo mkubwa, TANROADS wana kama kilomita 36,000 sisi tumehesabiwa zaidi ya 144,000. Unafuu ulikuja bajeti ya 2021/22 ilipoongezwa shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizi. Kazi sasa zinaonekana, sitakataa.

#21 Nyundo Kilo Nane
Sawa umenishinda kwenye hesabu. Basi ndo jibu lako hilo, kilomita mara nne kwa chini ya nusu ya hela.

#22 Bange Mkavu
Mzee wa kalvati pole na kikokotoo cha pensheni.

#23 Mstaafu wa Kalvati
Kile cha asilimia 33 kilianza Julai 2022, mimi nilikuwa nimeshatoka. Nawahurumia wadogo zangu waliofuata, mtu kakaa porini miaka yote hiyo anajengea watu nyumba za serikali, yeye mwenyewe anategemea mkupuo wa mwisho ajenge ya kwake. Ila turudi kwenye mada.

#24 Kiboko ya Vumbi
Wakuu nimerudi na majibu. Nimeenda na dada wa upimaji wa ofisini tukapima vile vipande viwili. Cha zamani kinazunguka mlima, kimefuata mgongo wa kilima, mwinuko hauzidi asilimia 6, na kwa sababu kiko juu ya mgongo hakihitaji hata kalvati, maji yanashuka pande zote mbili yenyewe. Chetu tulikata moja kwa moja kupunguza safari, kuna sehemu mwinuko unafika asilimia 13 na mtaro unashuka na maji yote ya shamba la juu bila kizuizi hata kimoja cha mawe. Mwenye hilo shamba kalima mpaka ukingoni mwa mtaro.
Kwahiyo inaonekana jibu ni njia yenyewe ilipopitishwa?

#25 Mstaafu wa Kalvati
Umeona sasa. Waliochonga hicho kipande hawakuwa na eksavata, ilibidi watembee kwa miguu na kutafuta mahali mlima unapokubali. Mashine imewapa nguvu ya kukata popote. Kwenye mwinuko wa asilimia 13 changarawe haikai, weka zege hata matairi mawili tu au mawe ya kupanga. Na mtaro ule lazima uwe na michepuo ya kutoa maji kwenda porini kila baada ya mita chache kadiri mteremko unavyokuwa mkali, na ukubaliane na mwenye shamba maji yatokee wapi, usipomshirikisha ataziba usiku.

#26 Nyundo Kilo Nane
Nyundo je, ulipiga?

#27 Kiboko ya Vumbi
Nilipiga. Cha zamani kigumu sana, inazama kidogo mno kwa pigo. Chetu inazama.

#28 Nyundo Kilo Nane
BASI. Kipande cha zamani kiko juu ya moramu ya asili, ungeweka mtaro usiweke kingedumu. Injinia alibahatika na jiwe.

#29 Mstaafu wa Kalvati
Hakubahatika, alilichagua. Tulikuwa tunatembea na fimbo tunachoma ardhi, tunauliza wazee wa kijiji wapi ng'ombe wanapita masika bila kuzama.

#30 Leveli Dampi
Nyundo na wewe kigumu ni kwa sababu kimekaa kikavu. Udongo ule ule ukilowa unapima laini. Ungepima mwezi wa tatu vyote viwili ndo tujue. Saa hivi umepima ukavu, hujapima udongo.

#31 Nyundo Kilo Nane
Achukue sampuli basi aloweshe siku nne maabara, tubishane na namba.

#32 Kwa Msuguri
Mbona hamuongelei kalenda? Mwaka wa fedha unaanza Julai, tenda inatangazwa, tathmini, mkataba unasainiwa Oktoba au Novemba, mikoa ya kusini mvua ndo inaanza hapo. Nilikuwa kwa kontrakta mdogo, tulikuwa tunashindilia tope kwa sababu Juni 30 hela inarudi hazina. Injinia anajua, kontrakta anajua, wote tunaandika barua za kuongeza muda. Mfumo wa manunuzi wa sasa wa NeST umepunguza makaratasi lakini mvua haisomi mfumo.

#33 Diwani Mstaafu
Hapo kwenye Juni nakuunga mkono. Barabara nyingi zilizokufa kwenye kata yangu zilijengwa kwa haraka ya Juni au kwa haraka ya mwenge unapita.

#34 Mstaafu wa Kalvati
Na Elnino ya 1997/98 ilitufundisha lingine, la makalvati. Makalvati yaliyosombwa mengi yalikuwa ya milimita 450, yale madogo, yaliziba kwa magogo mvua za mwanzo tu na hakuna mtu anaweza kuingia ndani kufukua, maji yakapita juu yakaondoka na tuta zima. Tangu hapo nikawa sikubali chini ya 600 na penye magogo naweka 900 mtu aingie na sepeto. Wahasibu walinilaumu kila bajeti. Na penye mto wa msimu weka drifti, acha maji yapite juu ya zege, watu wasubiri saa mbili, kuliko kalvati litakaloondoka kila mwaka. Vijana mnaona drifti ni aibu.

#35 Mwana Kasulu
Huku Kigoma tuna madaraja ya tao la mawe, yamejengwa na TARURA pamoja na Wabelgiji. Mawe ya hapo hapo, mafundi wa hapo hapo, hakuna nondo. Bei yake haifanani kabisa na ya zege. OP kama una mawe huko milimani kwenu njoo ujionee.

#36 Kiboko ya Vumbi
Mawe ninayo ya kumwaga. Mwana Kasulu nakufuata inbox. Mama Tete na wewe naomba unielekeze kikundi chenu kililipwaje, kwa mwezi au kwa mita, nataka niweke mistari ya vikundi kwenye makisio ya mwaka ujao kabla sijaombwa kifusi tena.

#37 Mama Tete
Kwa mita iliyokaguliwa. Msisitize mkataba uanze mwezi mmoja kabla ya mvua, na anayekagua awe mtu anayetembea kwa miguu, wa kwenye gari haoni mtaro.

#38 Dereva wa Tandamu
Mimi bado nasema upigaji. Mgongo, mawe, kalenda, sawa, lakini mwenye nia mbaya utampa hata moramu ya dhahabu ataimwaga sentimita 8. Halafu niulize lingine wataalamu mpo, haya matuta wanakijiji wanayojiwekea wenyewe barabarani yanazuia maji au hayazuii? Maana kila penye tuta hapo mbele yake kuna dimbwi.

#39 Leveli Dampi
Yanazuia sana, yakijengwa mpaka ukingoni maji hayana pa kutokea. Lazima yaishie kabla ya mtaro.

#40 Fundi Jamii
Ukiliachia nafasi pembeni bodaboda wote wanapita hapo hapo mtaroni kwa spidi, wanabomoa ukingo. Huku kwetu watoto wawili waligongwa ndo wakaweka tuta zima. Sema wewe utachagua lipi.